Dirisha la Mama

Tulipoona bango la kuuza nyumba tulimozaliwa, mimi na dada yangu tuliingia kama wanunuzi. Dalali hakutujua. Alituonyesha vyumba viwili kwa aibu, kama mtu anayeuza kiatu kimoja.

"Nyumba ni ndogo, siwafichi," alisema. "Lakini hebu oneni dirisha hili! Hapa pamepita mhandisi wa maana."

Dada uzalendo ukamshinda. "Mhandisi gani, kaka? Mama yetu alikuwa fundi cherehani. Alichoka kushona gizani, akaazima nyundo kwa jirani, akautoboa ukuta huu mwenyewe. Baba alirudi kutoka kazini akakuta nusu ya ukuta haipo. Akashika kiuno, akatikisa kichwa, halafu akaenda kutafuta mbao za fremu."

Nilivimba kichwa, sikatai.

Dalali alilisogelea dirisha, akafumba jicho moja. "Sasa mbona limekaa upande?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Hebu na wewe jaribu kupiga nyundo huku mtoto anakurushia mateke tumboni!"

"Mtoto gani tena?"

Nikajipiga kifua. "Si huyu unayemuuzia nyumba yake!"