Si Ndege ya Kunyunyizia Dawa

Mwalimu Klaudia Kokwijuka alifundisha fizikia katika sekondari moja ya Bukoba, na miaka ile ya vijiji vya ujamaa alikuwa akibuni chombo cha kwenda anga za juu na kurudi. Roketi zilimuudhi. Zilirushwa mara moja tu, basi. Na setilaiti zilizopelekwa zikiharibika, ziliachwa huko huko zizunguke bure. Chombo chake kingekuwa na mabawa ya kutua kama ndege, na tumbo lenye milango. Kingepeleka setilaiti, na ikiharibika kingeifuata, kiidake kwa mkono wa chuma na kuirudisha ikatengenezwe.

Mfano wake aliuunda pamoja na Philbert, seremala wa Kashai. Mkono ndio uliowatesa, mpaka walipopata vyuma vya mwavuli mbovu.

Aliupeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba. Asubuhi ya ufunguzi akaukuta umepakwa rangi ya kijani, mkono umeng'olewa, na mahali pake pamefungwa bomba. Kibao kilisomeka: NDEGE YA KUNYUNYIZIA DAWA MIBUNI.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Ndugu Ndyamukama, mwenyekiti wa kamati ya maonyesho. "Mgeni rasmi anataka kuona kilimo. Tumekusaidia, mwalimu."

"Kunisaidia! Mkono uko wapi?"

"Vile vyuma? Vimetupwa."

Mgeni rasmi alipofika, Ndyamukama akaanza kuisifu ndege ya kahawa. Klaudia akajipenyeza mbele.

"Ndugu, hiki ni chombo cha kurudisha setilaiti duniani. Huyu amekiharibu."

Mgeni akakitazama. "Sasa hiyo setilaiti tutaila?"

Watu wakacheka. Msafara ukahamia kwenye mikungu ya ndizi.

Klaudia akaenda nyuma ya uwanja, akapekua jalala kwa mikono, huku machozi ya hasira yakimtoka. Philbert akamfuata.

"Waitu, mwalimu wetu, acha. Nitakutengenezea mwingine."

"Sitaki mwingine!"

Akaupata, umepinda. Ndyamukama naye akatokea.

"Umeniaibisha. Utaniomba radhi mbele ya kamati."

"Nikuombe wewe? Labda nife kwanza."

Hakuomba. Kabla mwaka haujaisha akahamishiwa shule ya msingi Buganguzi, na huko akawafundisha watoto wa darasa la saba jinsi kitu kinavyoizunguka dunia bila kuanguka.

Siku moja Ndyamukama alipita kukagua shamba la shule, akachungulia dirishani. "Mwalimu! Hujambo? Yale yamekwisha, au siyo?"

"Hayajaisha," alisema Klaudia, akafunga dirisha.