Ufunguo Mfukoni mwa Mwanahamisi

Ramadhani ile joto lilikalia mji wa Baraka, kando ya ziwa, halitaki kuondoka, mabati ya kituo cha afya yanalia ta, ta, ta, na Mwanahamisi alikuwa na vitu viwili vya kumkausha koo: saumu, na Sumaya.

Saumu alikwisha kuizoea tangu utoto. Sumaya ndiye aliyeshindikana kuzoeleka. Alikuwa binti wa mwaka wa mwisho katika shule ya wauguzi, bluzi yake nyeupe imepigwa pasi mpaka kwenye vifuniko vya mifuko, kitambaa cha kichwa kimekaa sawa bila nywele hata moja kuchungulia, na uso wake, hapo ndipo penye taabu, ulikuwa uso wa Nasoro mtupu. Nasoro ni mume wa Mwanahamisi. Mama yake Sumaya ni mke wa pili, yule aliyeletwa kutoka Makobola wakati Mwanahamisi angali ananyonyesha. Sasa shule ilikuwa imemtuma huyo mtoto kufanya staji, mazoezi ya kazi, hapa hapa, na mwenye kuwaongoza wanafunzi na kuwatolea pointi ni Mwanahamisi. Yeye alidhani Nasoro ndiye aliyepanga. Nasoro aliapa kwamba hata hajui mlango wa shule hiyo unatazama wapi.

Siku ya kwanza binti alimwamkia kwa kumwita mama mukubwa, kama inavyompasa mtoto wa mke mwenza. Mwanahamisi alimkata palepale, mbele ya bamama waliokuja kupimisha watoto.

"Hapa hakuna mama mukubwa. Hapa mi ni Madamu. Mama yako iko kwenu, anapika."

Bamama walicheka. Sumaya alisema ndiyo Madamu, na tangu siku ile ndiye aliyesugua mabeseni, ndiye aliyechemsha vyombo, na kila alipokosea kidogo aliambiwa kwamba kwao labda hivyo ndivyo wanavyofanya.

Siku yenyewe ya mtihani ikafika. Mtihani wa staji ni mgonjwa mmoja: mwanafunzi amsalimu, amuulize, ampime, aseme ugonjwa ni gani, achague dawa na kipimo chake, bila kusaidiwa. Akianguka, anarudia mwaka mzima. Mwanahamisi alivuta kiti chake pembeni, karatasi ya pointi juu ya goti, akangoja atokee mgonjwa mgumu.

Alitokea Mzee Fadhili, mwenye mitumbwi kule Swima. Mtu huyu anajulikana kwa ulimi laini. Hata mvuvi akimpotezea nyavu, humwambia pole kwanza. Lakini leo alishushwa kwenye pikipiki akishikiliwa na mke wa mwanawe, kanzu imelowa na kumganda mgongoni, na maneno yaliyomtoka yalikuwa ya kuziba masikio. Alimwita dereva mwizi. Aliitukana benchi. Watu wa kwenye foleni walicheka kidogo, kisha mmoja akanong'ona kwamba mzee amekunywa, tena mwezi wa Ramadhani, na kicheko kikakatika.

"Huyu ni wako," Mwanahamisi akamwambia Sumaya.

Mwanahamisi mwenyewe alikwisha kuona. Jasho jingi na ngozi ni baridi, vidole vinatetemeka, macho hayatulii, na akili ya mtu mpole imegeuka kuwa ya mgomvi. Mzee Fadhili alikuwa mgonjwa wa sukari, tena wa kwake mwenyewe. Yeye ndiye aliyemwanzishia vidonge baada ya mavuno. Vidonge vile vinashusha sukari, mtu ale asile. Mtu mwenye kuvimeza na kushinda na njaa, sukari yake itaanguka mpaka chini kabisa. Mashini ya kuipima ilikuwa katika kabati, pamoja na serum ya glikoze, yale maji ya sukari ya kutundikia wagonjwa, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake kwa sababu vijiti vya kupimia ni vichache na vinapotea. Mwanafunzi anayejua kazi yake angekuja kuuomba.

Sumaya alipiga magoti mbele ya mzee, akamwamkia shikamoo, akatukanwa. Hakurudi nyuma. Alishika mkono, akahesabu mapigo, akaona yanakimbia. Akapima joto, hakuna homa. Alimuuliza mke wa mwana kuhusu kutapika, kuhusu choo, kuhusu dawa. Yule mama aliikazia macho sakafu, maana hawezi kumsemea baba mkwe wake huku naye yupo, akajibu chini chini kwamba mzee anameza kidonge fulani cheupe, cha nini hajui.

Lilibaki swali moja. Sumaya alifungua kinywa, akamtazama mzee na ndevu zake nyeupe, akakifunga. Kumuuliza mtu mzima wa Kiislamu, mchana wa Ramadhani, mbele ya mke wa mwanawe na foleni nzima, kama leo amekula au hajala, ni kumwambia kwamba unamdhania mwizi wa saumu. Sumaya alilelewa vizuri mno, hilo hawezi. Akageukia kipimo cha malaria, akamtoboa kidole, na kipimo kikaonyesha malaria ipo, kama kinavyoonyesha kwa nusu ya watu wa ziwani hata waliokuja kusindikiza tu. Binti akapumua.

"Malaria kali, Madamu. Imepanda kichwani. Ninatayarisha sindano."

Mwanahamisi aliupapasa ufunguo. Alijiambia, kidogo tu, nimwache aivute dawa ndani ya bomba, ashike mkono wa mzee, hapo ndipo nitasema, na foleni yote isikie mtoto wa Makobola alitaka kufanya nini. Maneno alikwisha kuyapanga. Alikuwa na utamu mdomoni, yeye aliyefunga tangu alfajiri.

Mzee Fadhili alinyamaza. Kichwa kikaanguka nyuma, meno yakasagana, miguu ikaanza kupiga benchi, na mke wa mwanawe akapiga yowe.

Ufunguo ulianguka chini mara mbili kabla haujaingia kwenye kufuli. Walimlaza kwa ubavu, mashini ikasoma sukari iliyo chini mno, Mwanahamisi akatafuta mshipa, Sumaya ndiye aliyekamata mkono wa mgonjwa mpaka sindano ikaingia. Glikoze ilipoingia mwilini, miguu ilitulia. Mzee alifungua macho, akaona mpira wa serum, akaelewa.

"Nani amenivunjia saumu yangu?" aliuliza, polepole, na hilo lilitisha kuliko matusi.

Sumaya alisogea mbele. Mwanahamisi akamtangulia.

"Ni mimi, mzee."

"We ndiyo uliniambia nimeze dawa asubuhi na saa sita, na chakula. Juu ya Ramadhani haukuniambia kitu. Nikameza yote mbili wakati wa daku, jua isinikute na dawa." Alivuta shuka. "Haukuniuliza kama ninafunga. Uliogopa nini?"

Siku ile anamwandikia vidonge, Mwanahamisi naye aliona ndevu nyeupe, akaona haya, akaliruka swali lilelile.

Mzee alitaka kwenda kwake. Sumaya, bila kuangalia upande wa Madamu, alimweleza kwamba haiwezekani, kidonge kile kinakaa mwilini muda mrefu, glikoze ikiisha sukari itaanguka tena. Atalala hapa, atakula, watampima mpaka kesho. Mzee alisema mtoto huyu ana kichwa kigumu. Lakini alilala.

Baadaye, kwenye chumba cha dawa, Sumaya alifunga mlango.

"Mama mukubwa, ulijua tangu alipoingia."

"Uliruka swali."

"Niliruka. Na wewe ulikuwa unaniangalia na ufunguo mfukoni. Kama ni kuniangusha, uniangushe. Lakini andika pale kosa langu. Usiandike mama yangu."

Mwanahamisi aliitazama karatasi. Angeweza kuandika sifuri, na shule isingeuliza. Angeweza kumpa pointi za kupita, na Nasoro angefurahi, jambo ambalo nalo lilimchukiza. Aliipasua.

"Mutihani wa leo haukuwa mutihani. Kesho utafanya upya, mugonjwa mwingine. Na kila muntu mwenye dawa ya sukari utamuuliza kama anafunga, hata akutemee mate."

"Na wewe?"

"Na mimi nitauliza."

Hakuomba msamaha, na binti hakungoja kuombwa. Mwanahamisi aliutoa ufunguo, akauweka juu ya meza katikati yao, hakumpa mkononi. Sumaya aliuchukua, akaenda kumpima mzee.