Kunywa Chai

Wiki ya pili baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo, nilirudi kwenye karakana yetu ya ushonaji. Daktari aliniruhusu vitu vya majimaji tu, nusu kikombe kwa nusu saa. Kazi haikunitisha. Nilichoogopa ni saa nne, wenzangu wanapokaa kunywa chai. Nijifiche stoo, au nikae nao nishindwe kujizuia?

Saa nne ilipofika, mkata vitambaa alinivutia kiti. Mezani palikuwa na mikate na mayai ya kukaanga. Nikamimina supu yangu iliyochujwa kwenye kifuniko cha thamosi yangu.

“Mama Vifungo, hicho ni kikombe au kizibo?” akauliza, kwa jina la utani nililopewa kwa kushona vifungo.

“Kunywa yako, baba. Halafu mbona unatafuna? Si umesema unakunywa chai?”

Akautazama mkate mkononi mwake. Wote wakaangua kicheko.

“Amesema kweli,” akasema mama mkuu wa karakana. “Miaka yote tunaitana kunywa, kumbe tunakula.”

“Basi mnywaji hapa ni mimi peke yangu,” nikasema, “na chai yenyewe ni supu.”

Nikapiga funda dogo, nikalisubiri lishuke. Harufu ya mayai ilinifikia, wala haikunisumbua kama nilivyodhani. Wenzangu waliporudi kwenye cherehani, supu yangu ilikuwa bado nusu. Zamani nilikuwa wa kwanza kumaliza, kisha macho yanahamia sahani za watu.

“Usiharakishe, mwanangu,” mama mkuu akaniambia.

Sikuharakisha. Supu ilikuwa tamu.