Mpira Mgumu

"Hii hapana, tata," Sagini alisema, akalisukuma tairi kwa goti likarudi ukutani. "Tazama ubavu wake. Mwembamba kama ngozi ya kuku. Huko unakokwenda mawe yanakata."

Mzee Kebaso, baba yake, aliinama, akaminya ubavu wa tairi kwa kidole gumba, vile alivyokuwa akiminya majani ya chai kwenye vikapu vya wachumaji enzi zake za unyapara.

"Na ile?"

"Ile ina meno makubwa. Meno makubwa ni ya matope yetu haya. Ukienda nayo lami mpaka Nakuru, mpaka Isiolo, inaliwa. Ukifika Laisamis umebaki na kipara."

"Kipara ninacho tayari," mzee akasema, akajipapasa kichwa.

Weldon, mwendesha boda aliyekuwa akijaza upepo mlangoni, alicheka mpaka akaegemea tangi la pikipiki yake. Sagini hakucheka.

"Sasa mimi nitafute gani?" baba akauliza.

"Ya kukaa njia ndefu ni ya mpira mgumu, tata. Meno yaliyokaribiana, katikati kama imeshikana. Hiyo hailiki haraka. Lakini sina. Ngoja, itakuja."

"Mpira mgumu," mzee akarudia, kama mtoto wa shule ya Jumapili anayeshika mstari. "Mgumu." Akavaa helmeti yake, akawasha pikipiki, akaondoka. Tairi la nyuma lilikuwa limeisha kabisa, nyuzi zimeanza kuchungulia.

Yote aliyoyasema Sagini yalikuwa kweli. Alikuwa ameuza matairi hapa Sosiot miaka mingi na hajawahi kumdanganya mtu juu ya mpira. Uongo ulikuwa mmoja tu. Tairi alilolieleza lilikuwapo, jozi nzima, nyuma ya pazia, limefunikwa gunia. Alilileta mwenyewe kutoka Nakuru kabla mama yake hajaja kibandani na kusimama pale pale aliposimama mzee.

"Usimpe tairi," Mama Nyabate alikuwa amesema. "Ukimpa, umemzika. Mmoja alinitosha."

Mmoja huyo alikuwa Robert, kifungua mimba. Robert alikuwa akichimba visima mbali, ng'ambo ya Laisamis, njia ya Marsabit, na mwaka ule wa korona alishikwa na homa akafa, akazikwa jioni ile ile na watu waliovaa nguo nyeupe. Nyumbani ilifika picha moja kwenye simu: rundo la mawe, bila msalaba, bila jina. Mgusii huzikwa kwao, kando ya nyumba, mahali mbuzi wanakula majani juu yake na wajukuu wanakaa wakimenya mahindi. Robert alikuwa amelala kwa watu ambao hata hawakujua kumwita. Miaka ikapita, mzee akanyamaza. Halafu mwaka huu, akili ilipoanza kumtoroka, neno moja likamrudia, likakataa kutoka: nataka kwenda kuona walipomweka.

Akili ilikuwa ikimtoroka kweli. Mwezi wa nne alitoka kununua chumvi sokoni. Walimpata Merigi, ng'ambo yote ile ya Bomet, petroli imeisha, ameketi kwenye kituo cha kuuzia majani chai, akiwauliza wakulima mbona lori la kampuni limechelewa. Kampuni ilikuwa imemstaafisha zamani, na siku hizi huko kwenye mashamba makubwa ni mashine zinazochuma.

Kumpeleka, nani angempeleka? Sagini mwenyewe ana chuma kwenye nyonga tangu siku rimu la lori lilipomlipukia kazini. Akikaa juu ya pikipiki mpaka Kericho, usiku hapati usingizi. Basi humtapisha mzee hata kabla halijafika Londiani. Weldon alijitolea kumbeba, mzee akamtazama juu mpaka chini. "Nibebwe kama gunia la majani? Na mtoto wa jana?"

"Basi toa plagi," Weldon alimwambia Sagini baadaye. "Ficha. Maneno yamekwisha."

"Wewe ungemfanyia babako hivyo?"

Weldon alikuna shingo. "Babangu ana punda, boss. Punda haina plagi."

Kumnyang'anya mzazi ufunguo wake ni jambo ambalo mtu hafanyi halafu akalala. Mzee akikuinulia mkono na kutamka neno, neno hilo linakaa katika boma. Mchungaji alijaribu kwa maombi, shemeji za mzee wakajaribu kwa kelele. Kwa hiyo ikabaki breki moja tu duniani: tairi lililoisha. Sagini alijiambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kuendesha, hata mwenye akili nusu, atakayeelekea Marsabit juu ya nyuzi tupu. Kila mzee alipokuja, alimtolea tairi moja na kasoro yake. Hii ni laini. Hii imekaa juani. Mpira mgumu, tata, ngoja mpira mgumu. Mara nyingine mzee alikuja akiwa amesahau kwamba jana alikuja, na Sagini akamweleza upya, kwa maneno yale yale, huku akijichukia.

Halafu mzee akakaa siku mbili bila kuonekana kibandani. Sagini akashukuru.

Siku iliyofuata, mvua ya mchana ikiwa imetoka tu kukatika, pikipiki ilisikika ikipanda kilima, ikapiga kona, ikasimama. Mzee Kebaso alikuwa amejivika matairi mawili begani kama mkanda wa askari wa gwaride. Matope yalimfika kifuani. Alikuwa anacheka.

"Nimepata!"

"Umepata wapi, tata?"

"Kipkelion. Huyo mtu anauza vyuma karibu na reli. Nimepitia matairi yake yote, moja moja, nikiyaminya. Nikamwambia, mwanangu anajua hii kazi, amenifundisha. Amesema mpira mgumu." Akayatua mezani. Yalikuwa meusi yakimetameta, yamepakwa kitu cha kung'arisha. "Minya. Kuna mgumu kuliko huo?"

Sagini aliminya. Kidole hakikuingia hata kidogo. Alilizungusha tairi mpaka akaona zile tarakimu ndogo ubavuni zinazosema lilitoka kiwandani lini, akazisoma mara mbili. Mwaka huo Robert alikuwa bado shuleni. Akalikunja kidogo pembeni, na nyufa zikafunguka chini ya ule weusi, nyembamba, nyingi, kama kisigino cha mtu wa jembe.

"Tata, hii imekufa."

"Ni ngumu."

"Ni ngumu kwa sababu imekufa. Mpira ukizeeka unakauka. Ukipata moto wa barabara, hii inapasuka ukiwa mbio. Haitakupa hata nafasi ya kushika breki."

Mzee alimtazama. Kicheko kilikuwa kimeondoka usoni. "Kila tairi kwako ni mbaya."

"Tata..."

"Nyembamba, mbaya. Laini, mbaya. Meno makubwa, mbaya. Sasa ngumu, ambayo wewe ndiwe ulinituma, nayo mbaya." Akaanza kuyainua tena begani. "Usipoweka wewe, Weldon ataweka. Weldon akikataa, kuna fundi Kapsoit. Mimi asubuhi ninaondoka."

Sagini alitazama tairi la nyuma la pikipiki. Nyuzi zilikuwa zimekatika mahali pawili. Juu ya kitu hicho baba yake alikuwa amekwenda Kipkelion na kurudi, kwenye mvua. Breki aliyoitegemea haikuwa imemshika mtu. Na kila alichomfundisha, baba yake aliyesahau mpaka jina la mjukuu wake alikuwa amekishika, akaenda nacho sokoni, akachagua kwacho kifo.

Maneno yote ya kweli alikuwa ameyatumia.

Aliingia nyuma ya pazia. Akaondoa gunia. Akatoka na jozi yake mikononi, vinyweleo vya mpira mpya bado vimesimama juu ya meno, akaiweka mezani kando ya ile nyingine.

Mzee aliminya moja, akaminya lingine. Akayazungusha polepole.

"Zilikuwa hapa."

"Zilikuwa hapa, tata."

"Mama yako."

Weldon, aliyekuwa amefika na abiria wake, aligeuza pikipiki akaondoka bila kuaga.

Mzee aliketi kwenye kreti la soda, akavua helmeti, akaipakata. Alitazama mashamba ya chai upande wa pili wa barabara, mvuke ukipanda juu yake.

"Najua ninasahau," alisema. "Mnadhani sijui? Asubuhi ninaamka naona huyu mama yenu, naanza kutafuta jina lake kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Ndiyo maana nataka kwenda sasa. Robert bado ninaye. Nikingoja mpaka mpone wasiwasi wenu, nitafika kule nisimame juu ya mawe na nisijue nimekuja kwa nani."

Sagini alichukua spana.

Alilegeza ekseli, akashusha cheni, akatoa gurudumu. Alipitisha vyuma bapa chini ya ukingo, akang'oa tairi lile lililoisha, likaanguka kama ngozi ya nyoka. Akafuta rimu ndani kwa kidole, akitafuta msumari au kutu, akapaka tyubu poda isisuguane na mpira. Akautazama mshale wa ubavuni, tairi lisije likazunguka kinyume. Akapaka maji ya sabuni, akalikalisha kwa mguu wake mzima, akajaza upepo mpaka likalia "pa!" na kushika rimu pande zote. Alifanya kazi ile kama anayemvisha mtu nguo za safari, kila kifungo.

"Huko kwenye joto usijaze sana," alisema. "Jua lenyewe linaongeza upepo."

"Usijaze sana," mzee akarudia.

Sagini akaweka la mbele, lenye mistari iliyonyooka, la kushika njia. Akakaza nati. Akazungusha gurudumu, likaenda kimya, limenyooka.

"Na huko kwenye joto," mzee akauliza, "nijaze sana?"

Mkono wa Sagini ulisimama juu ya spana. "Usijaze sana, tata."

"Haya."

Akapanda. Akakaa juu ya pikipiki kidogo bila kuiwasha. "Umefanya kazi nzuri," akasema, kwa sauti aliyokuwa akiwapa wachumaji wake, sauti ya mtu asiyesifu ovyo.

Asubuhi Mama Nyabate alifika kibandani kabla hakijafunguliwa. Leso ilikuwa imemlowa mabegani kwa ukungu. Hakuketi.

"Ulimpa."

"Nilimpa, mama."

"Ameondoka kuku hawajashuka. Aliniita kwa jina. Akaniambia nimwekee chakula cha mchana." Akajikaza leso. "Chakula cha mchana, Sagini. Sijui kama anakwenda kwa Robert au anakwenda kazini."

Sagini alimpigia mzee simu. Ikaita ndani ya fundo la leso ya mama yake. Mzee alikuwa ameisahau mezani. Akatoka akitembea, mkono kwenye nyonga, akaenda kwenye kile kijia cha udongo kinachotoka bomani kwao mpaka lami. Alama zilikuwa wazi, mpya, meno yaliyokaribiana, katikati yameshikana, mstari mmoja uliokwepa kila shimo. Mkono wa mtu anayejua kuendesha. Hata yeye mwenyewe asingeendesha vizuri namna ile.

Zilifika kwenye lami zikasimama. Hapo mzee alikuwa ameteremsha miguu. Alama za gambuti zilikuwa mbili, moja kila upande, zimezama sana, kama za mtu aliyesimama muda. Upande mmoja ni Kericho, na Nakuru, na njia yote ile ndefu. Upande wa pili ni chini, kwenye mashamba ya chai ya kampuni.

Malori ya majani yalikuwa yamepita tangu alfajiri, yamedondosha matope huku na huku. Sagini aliingia barabarani. Aliinama, nyonga ikamkata, akapiga goti moja juu ya lami iliyolowa, akaanza kupekua vipande vya udongo kimoja kimoja, akitafuta kimoja tu chenye umbo la jino alilolichagua yeye. Nyuma yake lori lilipiga honi. Likapiga tena, kwa muda mrefu. Aliinua mkono kuliomba lingoje.