Bi Mwanamkasi Nyumbani kwa Bibi Desturi

Enyi mnaosema kwamba usingizi wa mchana ni wa wavivu, kaeni hapa niwape habari za Bi Mwanamkasi binti Waziri wa Pangani, ambaye usingizi mmoja wa baada ya adhuhuri ulimfungulia jambo lililoshindikana kwa miaka ya kusema na kufoka. Zama zile za Mwingereza, mwanamke kusimama mbele ya watu akazungumza kilikuwa kituko, naye alisimama. Aliwafuata akina mama majumbani akiwahimiza wapeleke watoto wakachanjwe, akawagombeza wanaume waliowaachisha binti zao shule, na akasema waziwazi kwamba kumwoza mtoto ambaye hajavunja ungo ni kumtesa. Wapo waliompenda, na wapo waliomwita Bi Kimbelembele, tena kwa sauti, akiwa anapita, ili asikie. Mwenyewe alikuwa akiwaitikia "Abee!" halafu anashika njia yake.

Lakini siku hiyo alipatikana. Pamoja na hayo yote, Bi Mwanamkasi alikuwa somo, yaani yule mwanamke anayekabidhiwa msichana amfunde, amlee na kumwosha mkesha wa harusi yake, na mmoja wa mabinti aliokabidhiwa alikuwa Sauda, mjukuu wa Bibi Kidawa. Asubuhi Bibi Kidawa alimwita akamwambia kwa mkato, kama kawaida yake, "Posa ya Bwana Mshangama tumeikubali. Ijumaa tunaoza. Njoo Alhamisi umwoshe mwali wako." Huyo Sauda alikuwa bado mtoto wa kucheza kombolela! Ila alipovunja ungo dada yake mkubwa, Salima, akachezwa ngoma ya unyago, watu wa nyumbani waliona uvivu kufanya karamu mara mbili, wakamkalisha na mdogo mkekani, ngoma ikawalilia wote pamoja. Basi tangu siku ile mtaa mzima ukamhesabu Sauda kuwa ni mwali, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kama amekua kweli.

Bi Mwanamkasi akazipima njia zote mbili. Akikataa, watasema huyu ndiye mvunja mila, tena kaanza na mila aliyokabidhiwa mwenyewe. Akina mama watamfungia milango, na watoto hawatachanjwa. Asipokataa, Sauda amekwenda, na yeye ndiye atakayekuwa amemwosha. Alirudi kwake, akajilaza juu ya kitanda cha kamba na kanga yake usoni, akilia kimyakimya mpaka usingizi ukamchukua.

Akaota yuko katika mji asioujua, mji wenye nyumba nzuri zilizopakwa chokaa na milango iliyofungwa yote, na nyuma ya kila mlango sauti za wanawake zikinong'ona, ukisogea zinanyamaza. Njiani alikaa Bwana Hofu, pande la mtu, kainyoosha miguu yake kukata barabara nzima. "Unakwenda wapi?" akauliza. "Wenzako wote wako ndani." Pembeni yake alisimama Bi Aibu, kajitanda kanga nzuri ajabu, yenye kung'aa, na alipomkaribia, Bi Mwanamkasi akamtambua mwenye kanga ile, maana jina lilikuwa limetariziwa kwenye pindo: Heshima. Bi Aibu alikuwa kaiazima akasahau kuirudisha, na watu wakimwona wanampisha. "Nyamaza, mwanangu," akamnong'oneza kwa upole wa kutia kichefuchefu. "Mwanamke mwenye haya haongei mambo ya ndani nje." Bi Mwanamkasi akajikuta ameinamisha kichwa, na wallahi angerudi alikotoka, kama asingeshikwa mkono.

Aliyemshika alikuwa mwanamke aliyekunja mikono ya gauni mpaka viwikoni, ananukia sabuni, kambeba mtoto mgongoni na mwingine kamshika kiganja. Huyo ndiye Bi Huruma. Hakuwa na maneno mengi. "Ruka miguu yake," akamwambia. "Hofu hasimami hata siku moja. Ni mrefu akiwa amekaa tu." Wakairuka, na kweli yule bwana akabaki akifoka palepale. Bi Mwanamkasi akashusha pumzi, akauliza wanakwenda wapi. "Kwa Bibi Desturi," akajibiwa. "Umepigana naye miaka yote hii, hujapata kuingia nyumbani kwake."

Hapo Bi Mwanamkasi akapandisha hasira zake zote, akajifunga kibwebwe. Mbele ya nyumba ya Bibi Desturi palikuwa na wanaume wakila pilau, mkubwa wao Bwana Tamaa, mafuta yanamtiririka mpaka kifundoni mwa mkono, na kila mpita njia wakimwambia, "Bibi kasema! Bibi kaamuru!" Yeye akawapita bila salamu, akausukuma mlango, akaingia akiwa amekwisha panga matusi ya kuanzia. Ndani akamkuta kikongwe kakaa peke yake juu ya mkeka, anasuka ukili, macho maangavu.

"Shikamoo," matusi yakageuka yenyewe kinywani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja, Bibi. Unatumalizia watoto."

Kikongwe akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kusingiziwa. "Hao wanaokula nje, umewahi kumwona mmoja wao kaingia humu kuniuliza? Wanasema nimesema. Sikiliza nikuulize mimi. Mtoto ana mama, ana baba, ana bibi. Kwa nini nilimwekea na somo?"

Bi Mwanamkasi akafikiri. "Amfunde, Bibi."

"Kufunda hata shangazi angefunda. Nilijua itafika siku nyumba nzima itataka harusi. Mama ataogopa, baba atakuwa ameshatoa neno lake, bibi atataka kuona kitukuu kabla hajafa. Nikasema apatikane mtu mmoja, mgeni wa nyumba ile, ambaye hana faida yoyote katika harusi, naye ndiye aseme *tayari* au aseme *bado*. Mlango wa mwali niliufunga mimi, ufunguo nikakupa wewe. Nawe umekaa huko barazani unapiga kelele kwamba mlango mbaya!" Akamgusa shavu. "Si kila nilichowaachia ni kizuri, mwanangu, vingine vitupeni, nimezeeka. Lakini hicho kitumie."

Bi Mwanamkasi akafungua macho. Jua lilikuwa bado kali dirishani, mwadhini hajaadhini alasiri. Akakaa kitandani, na ghafla akaanza kucheka peke yake, machozi yanamtoka, kifua chepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. Miaka yote alikuwa akisimama nje ya mila anaipigia kelele, na kumbe katika jambo hili ndani mlikuwa na nafasi yake, imemngoja. Akanawa uso, akavaa buibui, akatoka bila hata kuchana nywele.

Aliwakuta uani kwa Bibi Kidawa, wanapepeta mchele wa harusi. Mama yake Sauda alikuwa pembeni, anapepeta bila kuinua macho. Bi Mwanamkasi akaamkia, akakaa mkekani kama somo anavyokaa.

"Nimekuja kusema neno la somo," akasema. "Sauda bado. Simwoshi."

Nyungo zikasimama. Bibi Kidawa akageuka polepole. "Bado nini? Kachezwa! Mtaa mzima ulikula wali hapa!"

"Ngoma ilikuwa ya Salima, Bibi, nawe unajua. Mdogo mlimkalisha tu. Mimi ndiye mliyenikabidhi, na mimi ndiye wa kusema. Nasema bado. Mkitaka kuoza mwali ambaye somo yake amekataa, ozeni, lakini mjue cha kuwajibu watu watakapouliza nani kamwosha."

Hapakuwa na mtu wa kumwita mvunja mila, kwa kuwa mila yenyewe ndiyo iliyokuwa imekaa mkekani inawatazama. Mama yake Sauda akaibana kanga mdomoni, kisha kilio kikamponyoka. "Ahsante, dada," akasema. "Ahsante. Mimi nilikuwa siwezi." Wote wakamtazama Bibi Kidawa, wakingoja radi.

Bibi Kidawa akachota mchele kwa kiganja, akauacha umwagike ungoni taratibu. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Somo yangu mimi alinyamaza," akasema.

Kisha akajipangusa mikono, akamtuma mtu kwa Bwana Mshangama kumwambia hakuna harusi, akawageukia wanawake. "Mnashangaa nini? Bandikeni chungu. Mchele umeshapepetwa, watoto wana njaa."