Upanga Mzito wa Kinyozi

Nilipomaliza kuziondoa nyembe zote nyumbani, mume wangu akasema anataka kununua upanga.

Aliyasema hayo mezani, nikimshikia kikombe anywe chai, kwa sauti ile ile ambayo mtu angeomba aongezewe sukari. Nilimtazama nione kama ananitania, maana Baba Pacha ni mtu wa utani. Alipokuwa bado kinyozi, walikuwepo waliokuja dukani kwake na vipara vyao, hawana hata unywele wa kunyoa, wakae tu kwenye benchi wamsikilize. Safari hii hakuwa anatania.

"Upanga wa kweli," akasema. "Si pambo la kutundika wageni wakalisifu. Upanga wa kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi ya upanga, Mama Pacha. We unadhani kazi gani?"

Alijua vizuri nilichokuwa nadhani. Majuma machache nyuma nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameketi kitandani, wembe wake wa zamani, ule wa kukunja, umefunguliwa mapajani. Hakuwa na povu usoni wala kioo mbele yake. Alisema alikuwa anautazama tu kama bado una makali. Nikauchukua. Nikakusanya nyembe nyingine zote kutoka kwenye sanduku lake la kazi, nikaongeza na visu vya jikoni, nikavipeleka vyote kwa dada yangu avifungie kabatini. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu nyanya zinakatwa kwa kisu cha plastiki cha kukatia keki, na hazikatiki, zinapondeka.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye vidole. Mkasi ulimponyoka mara ya kwanza, akacheka na wateja. Ulimponyoka tena, hakucheka. Siku alipomkata sikio mteja wake wa miaka mingi, alimsafisha damu, akamwomba radhi, akavua aproni, akafunga duka na hakurudi tena. Daktari hakupindisha maneno. Alisema neva zinazoamrisha misuli zinakufa moja baada ya nyingine, zitakwenda kutoka vidole hadi mikono, kutoka mikono hadi miguu, na mwishowe kifua, na dawa ya kuzirudisha hakuna.

"Ila akili itabaki nzima mpaka mwisho," akaongeza, kama mtu anayetoa habari njema.

Tulipofika kwenye korido mume wangu akaninong'oneza, "Umesikia? Nitahudhuria yote." Nilicheka mpaka nikalia, na mtu aliyekuwa anadeki akanipisha nipite.

Na huo upanga, sikuweza kusema ameuzua. Kwenye kuta za duka lake, pale ambapo vinyozi wengine hubandika picha za mitindo ya nywele, yeye alibandika picha za panga za vita alizokata kwenye magazeti: zilizopinda, zilizonyooka, ndefu za kushikwa kwa mikono miwili. Hakuwahi kugusa hata mmoja. Alikuwa akisema mabinti wetu mapacha wakishaolewa ataanza kukusanya mmoja mmoja, na wa kwanza lazima uwe wa kazi, kwa sababu anayeanza na bandia huishia na bandia. Mabinti wakaolewa, wakahamia mbali, na ugonjwa ukawahi kufika kabla ya upanga.

Sasa ningemkatalia vipi? Na ningemkubalia vipi?

Nikapiga moyo konde, nikaenda dukani peke yangu kwanza. Ni duka la vikombe vya michezo na medali, lakini chumba cha nyuma kimejaa panga. Mwenye duka ni mtu mnene anayevaa glavu nyeupe za pamba, na huzizungumzia panga zake kama mzazi anayewatafutia wanawe wachumba: huu mpole, huu una kiburi, huu unahitaji mtu mvumilivu. Nikamtolea yote. Nikamwambia mume wangu ni mgonjwa, nikamwambia na wembe niliomkuta nao.

"Muuzie wa pambo," nikasema. "Mwambie ni wa kazi."

Akatikisa kichwa. Akachukua upanga mmoja wa kung'aa, akaufungua mpini kwa bisibisi, akanionyesha. Ule ubapa mpana uliishia pale pale mpini unapoanzia; ndani kulikuwa na kijiti cha chuma chembamba kama msumari, kimeungwa kwa moto. "Huu ukiupunga kwa nguvu unachomoka, unampata jirani. Na kama mumeo anazijua panga, atautambua akiwa bado mlangoni." Akafikiri. "Lakini ninao wa mazoezi. Chuma halisi, kipande kimoja mpaka mwisho wa mpini. Ila haujanolewa. Ni wa kazi kabisa, haukati tu."

Nusura nimbusu zile glavu.

Siku ya kwenda nilimvalisha mume wangu koti lake la harusi za watu. Mwenye duka alitupokea vizuri, akatandika kitambaa cha kijani mezani, akatoa glavu, nami nikamvisha kidole kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Kisha akamfundisha kama anavyomfundisha yeyote anayenunua wa kwanza. Kwanza, ulizia chuma kimeingia mpinini hadi wapi. Pili, simama wima, shusha mkono ukiwa na upanga, ncha isikwaruze sakafu. Tatu, tafuta pale upanga unapotulia juu ya kidole bila kuegemea upande wowote; mahali hapo pakiwa karibu na mkono, hata mzito utauona mwepesi. Mume wangu alikuwa anauliza maswali mfululizo. Macho yake yalikuwa na ule uhai niliouona mara ya mwisho siku duka lake lilipokuwa wazi. Nilifurahi, na niliionea aibu njama yangu.

Upanga wa mazoezi ukaletwa. Aliuinua kwa mikono miwili, mikono ikitetemeka, lakini aliuinua. Kisha akaniomba nimvue glavu ya kulia. Akapitisha kidole gumba juu ya makali, kwa kukatiza, kama alivyopima nyembe maisha yake yote ya kazi.

"Huu haujawahi kunolewa," akasema kwa adabu. Hakumtazama mwenye duka. Alinitazama mimi. Sikuona hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililonifanya nitazame sakafu.

"Ni wa mazoezi, mzee," mwenye duka akajitetea. "Kwa anayeanza huwa tunashauri..."

"Naanza, ndiyo. Lakini nimekaa na makali tangu ujana. Nionyeshe wenye makali."

Mwenye duka akanitupia jicho. Nilitaka kusema hapana, lakini alikuwa ameshageuka kuufuata. Akaleta mmoja mwembamba uliopinda kidogo. Mume wangu akaushika, akausimamisha mbele ya uso wake, akautazama kutoka mpini hadi ncha. Ulipanda bila shida. Nilihesabu hatua zilizopo kati yangu na yeye, nikaona hazitoshi.

"Mwepesi huu," akasema polepole. "Naupenda mno." Akaulaza mezani. "Niletee mzito."

Akaletewa ulionyooka. Akaufikisha kifuani.

"Mzito zaidi."

Nikajua ni kile kiburi cha wanaume, cha kutaka kujionyesha hata pale mwili umeshasalimu amri. Mwenye duka naye nadhani alijua hivyo hivyo, kwa maana alianza kutabasamu kwa huruma. Mwishowe akaburuta kutoka pembeni upanga mrefu hadi begani kwangu, wa mikono miwili, mpini wake umezungushiwa ngozi nyeusi, akaulaza mezani. Mume wangu akaushika, akakunja magoti, mishipa ya shingo ikamtoka. Mpini ukanyanyuka kidogo. Ncha haikubanduka kwenye kitambaa. Akajaribu tena, akajikaza kisabuni, ikawa vile vile.

Akageuka. "Hebu wewe, Mama Pacha. Kwa mkono mmoja."

"Mimi na panga wapi na wapi?"

"Hebu jaribu tu."

Nikajaribu. Uliinuka kidogo, kisha kiwiko kikanilegea, na mwenye duka akaudaka kabla haujaangukia miguu yangu.

"Ndiyo huu," mume wangu akasema.

Mwenye duka alikuwa mtu mkweli, namshukuru kwa hilo. "Mzee, upanga wa kwanza unachaguliwa kwa mkono wa mwenyewe. Huu huuwezi."

"Nimeona," akajibu. "Tufungie."

Nilinuna ndani ya teksi, na tulipoingia nyumbani nikamtolea uvivu. Nikamwambia amenunua nguzo. Nikamwambia tumebeba chuma cha kutuvunja migongo, eti upanga wa kazi, kazi yenyewe ya kukusanya vumbi. Alinisubiri niishiwe na pumzi.

"Unajua kwa nini niliurudisha ule mwepesi?"

"Kwa sababu ya kiburi chako."

"Kwa sababu ungenitosha."

Nikakaa chini.

"Ulipozichukua nyembe nilikukasirikia," akasema. "Kisha nikalala usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata muda mrefu. Upanga nimeutaka tangu sina ndevu, na sitaki kufa sijaugusa. Lakini nimetaka ambao siwezi kuutumia. Wala wewe."

"Mimi ningeutumia kukufanyia nini?"

"Leo, hakuna. Ila iko siku nitakuomba. Najijua. Na wewe hujawahi kuninyima kitu nikikiomba sana. Siku hiyo nataka uwe huwezi."

Nikamwambia anyamaze. Nililia, na nilimchukia kwa muda, kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile ambacho miaka yote alinichekeshea, na sasa ananiambia mambo hayo. Baadaye nikakiri kwake njama yangu ya dukani. Akasema aliijua tangu mlangoni. Mwenye duka alinisalimia mimi kwanza, kama mtu anayenijua.

Seremala akatuwekea vishikio imara vya mbao ukutani, mkabala na kitanda, na yeye na kijana mwenzake wakaupandisha. Mume wangu akanifundisha kuutunza: kitambaa laini, mafuta ya cherehani kidogo tu, na kamwe usiguse chuma kwa mkono mtupu, jasho huleta kutu. Nilikuwa naufuta ukiwa pale pale juu, nimesimama kwenye kigoda, naye kitandani akinisimamia kama mwenye mali.

"Hujafika kwenye ncha."

"Nimefika."

"Umefika kwa macho."

Zile zilikuwa saa zetu nzuri, na nasema hivyo nikijua zilikuwaje. Ugonjwa haukutusubiri tucheke. Ulimaliza mikono ukaingia miguuni. Sauti yake ikawa nzito, maneno yakawa yanatoka moja moja. Nilimgeuza kitandani asipate vidonda, nikambeba kumweka kitini, nikambeba kumpeleka bafuni, nikambeba kumrudisha. Mwanzoni nilikuwa nagonga kwa jirani aje anisaidie. Baada ya muda sikugonga tena, na wala sikukumbuka ni lini niliacha. Fundi wa nguo alinipanulia mikono ya blauzi zangu zote. Nilidhani ni unene wa uzee.

Kisha yakaja majira ya unyevu, na asubuhi moja nikaona kidoa cha kahawia kikichungulia nyuma ya upanga, upande wa ukutani ambao kitambaa changu hakikuwa kinaufikia. Nikasema nitamwita seremala na kijana wake waushushe. Nikaushika mpini kwa mkono mmoja, kupima tu kama bado umekaa imara.

Ukatoka.

Nikashuka nao kwenye kigoda. Nikanyoosha mkono kuelekea dirishani niione ile kutu vizuri, nikaugeuza huku na huku kwenye mwanga. Ncha haikutetemeka. Nilijisikia kama msichana aliyeshinda mashindano ya shule, nikamgeukia mume wangu nimwonyeshe, hata maneno ya kumtania nilikuwa nimeshayaandaa, ya kwamba nguzo yake sasa imepata mwenyewe.

Hakuwa anautazama upanga. Alikuwa anautazama mkono wangu. Machozi yalikuwa yanamteremka kuelekea masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaona midomo yake inaanza kulitafuta neno, na kwangu siku hizo kusubiri neno lake lilikuwa jambo la kawaida, lakini sijawahi kuogopa neno kama nilivyoliogopa lile. Nilijua atakachoniomba. Nilijua pia kwamba sina tena sababu ya kumwambia siwezi.

Nikainama karibu na mdomo wake.

"Usiuinue," akasema. Akapumzika. "Tena. Mbele yangu."

Nikaupandisha kwenye vishikio vyake na kutu yake vile vile. Nikamfuta machozi. Kisha nikapitisha mkono chini ya mabega yake, nikamgeuza aangalie ukuta wa upande wa pili, usio na kitu. Sikuusikia uzito wake hata kidogo.