Perege wa Bwawa la Baba Yao

Umewahi kumlisha mtu asubuhi na jioni kwa miaka kumi na mmoja, naye asikuambie hata ahsante? Mimi nimewalisha perege.

Marehemu mume wangu alichimba bwawa nyuma ya nyumba, hatua ishirini kwa kumi na mbili, bomba la kuingiza maji upande wa juu na la kutolea upande wa chini. Hilo la chini alilifunga kipande cha neti ya dirisha ili samaki wasitoroke. Alipofariki, watu walipomaliza kurudisha viti vya kuazima, nikatoka uani nikakuta samaki wamejaa juu ya maji wanahema kwa njaa. Nikachota bakuli la pumba. Ndivyo nilivyoingia kazini. Hakuna aliyeniajiri wala aliyeniuliza.

Sasa nimekula chumvi nyingi, na goti langu la kushoto lina kesi na mimi kila nikishuka ule ukingo. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia amechimba bwawa kwake, anataka mbegu ya samaki kutoka kwangu, moyo wangu uliruka. Nilitaka jambo moja tu: awachukue wote. Asibakize hata mmoja. Lakini kila nikifungua mdomo, yeye ananitangulia: "Mama na samaki wake! Ukimtenganisha nao ataugua." Anasema huku anacheka kwa fahari, nami narudi kuchota pumba.

Mwanangu huyu ni fundi baiskeli, lakini mtaani wanamwita Injinia, naye haoni kama ni utani. Wiki moja kabla ya kuja kuwachukua samaki nilikwenda kwake kukagua. Alikuwa amemwaga chokaa, akatia samadi, akasubiri. Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kiganja kikapotea, maana maji yamekuwa kijani. Vizuri. Maji meupe hayana chakula. Utawatia samaki humo wakondeane kama wafungwa.

Siku yenyewe walikuja jua linachomoza, yeye na mkewe, ambaye ni mshonaji. Sikuwa nimewalisha samaki tangu jana yake, ili wasichafue ndoo njiani. Injinia akakunja suruali, akavuta wavu, akaanza kuchagua wale wadogo wadogo.

"Vifaranga mia tu, Mama. Bwawa la Baba halitapungua kitu."

Nikachungulia kwenye ndoo. "Hivyo si vifaranga."

"Mama! Samaki urefu wa kidole?"

"Mtazame kichwa. Kichwa kikubwa, macho yamemtoka, mwili kama kijiti. Huyo ni mzee, amedumaa kwa msongamano."

"Injinia," mkewe akasema, "wewe leo ni mwanafunzi. Nyamaza usikilize."

"Mzee gani wa kutosha kwenye kiganja?"

Sikubishana naye. Nikamshika mmoja, nikambana taratibu, nikamfungua mdomo kwa ukucha. Mayai ya manjano yakamwagika kiganjani mwangu, madogo kama mtama, maana perege jike huyaatamia mayai yake mdomoni.

"Heh!" mkwe wangu akaruka. "Kumbe ni mama wa watu!"

"Tena wa watu wengi. Ukimpeleka huyo, hatanenepa; atazaa tu, na baada ya miezi sita bwawa lako jipya litakuwa kama hili langu."

Mwanangu akamwaga ndoo nzima bwawani. Akasimama kwenye tope mikono kiunoni, mabega yameshuka. Nilimwonea huruma. Miezi mitatu alikuwa akichimba kwa jembe kila akifunga karakana, na kiganja chake kimeota sugu kama kisigino. Nikamwonyesha vifaranga wa kweli, wembamba wa kichwa, wanaocheza kwa makundi ukingoni ambako maji ni ya uvuguvugu. Tukawavua kwa chandarua kikuukuu, mia na wachache.

Hapo nikaona mlango wa kupitia. Nikasema kama mtu wa kazi asemavyo, "Hawa wengine hawana maana tena. Bwawa lifunguliwe, wavuliwe wote, likauke mpaka tope lipasuke."

Nikasubiri. Uso ukamchangamka.

"Kweli, Mama! Tunalikausha, tunatia chokaa, halafu mimi mwenyewe nakurudishia vifaranga wapya. Mwezi hauishi, una samaki wako."

Sina hali, nikajisemea. Mkwe wangu akaniangalia jicho la mshonaji, lile la kupima bila futi.

"Na wewe mwenyewe, Mama, unaonaje?"

"Sawa tu," nikasema.

Tukaenda kwake, nusu saa kwa miguu, wao wamebeba ndoo, mimi nimebeba goti langu. Njia nzima Injinia alinipangia maisha. Atanichongea ngazi za kushukia bwawani. Pumba ataniletea mwenyewe kila Jumamosi. Hata kiti cha kukalia nikilisha atatengeneza kwa vyuma vya baiskeli. Kila wema alioutaja uliniongezea mwaka mwingine wa kazi.

Tulipofika alitaka kumwaga hapo hapo. Nikamzuia. Ndoo tukaziweka zielee bwawani mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane joto, kisha kila baada ya muda nikatia kikombe cha maji ya bwawa, taratibu, wasishtuke. Kazi hiyo haina haraka. Nikakaa kwenye udongo mbichi, miguu nimeinyoosha, mgongo unanilaumu. Mwisho nikainamisha ndoo. Wakasita mdomoni mwa ndoo, mmoja akatoka, kisha wote kwa mkupuo, wakapotea kwenye ukijani.

Mwanangu akafuta uso kwa mkono wenye tope. "Baba angefurahi. Kesho naanza zile ngazi zako."

Nikatazama mikono yake ile yenye sugu, nikamwona akiianza kazi nyingine kwa ajili ya kitu nisichokitaka. Nikapiga moyo konde.

"Usichonge."

"Kwa nini, Mama?"

"Kaa chini kwanza."

Akakaa. Mkewe akaacha kusuuza ndoo.

"Mimi nilimpenda baba yako," nikamwambia. "Samaki niliwalisha kwa sababu walikuwa na njaa, basi. Njoo uwachukue wote, wadumavu uwakaange, na lile bwawa ulifukie. Usinirudishie hata mmoja. Nimechoka, mwanangu. Nataka kulala asubuhi mpaka nichoke kulala."